Kutoka Bombay hadi Sinza: historia ya kisanduku kinachomeza sauti

Ingia studio yoyote ya uchochoroni hapa Dar, iwe Sinza, Temeke au Mbagala. Utakuta kompyuta, spika mbili, maiki iliyokingwa kwa soksi ya kike iliyovutwa kwenye waya, na kati ya maiki na kompyuta kuna kisanduku kidogo chenye vishikizo vya kuzungusha na taa ya kijani. Wasanii wakija wanapiga picha na maiki. Wengine wanapiga picha kwenye kiti cha prodyuza. Sijawahi kuona mtu akipiga picha na kile kisanduku, ingawa bila chenyewe hakuna wimbo.

Maprodyuza wengi wa mjini wanakiita saundikadi. Wauzaji wanakiita odio intafesi. Tusigombane kuhusu jina. Kazi zake ni tatu tu. Inaichukua sauti dhaifu inayotoka kwenye maiki na kuikuza. Inaigeuza kuwa namba, maana kompyuta haijui lugha nyingine. Kisha inazirudisha namba kuwa sauti ili uisikie kwenye hedifoni. Mengine yote ni mapambo.

Swali ambalo vijana wanauliza kila siku ni moja: ninunue ipi? Nadhani jibu zuri linaanzia mbali kidogo, kwenye historia, kwa sababu karibu kila tundu na kila kitufe kwenye kisanduku hicho kina mtu, mahali na mwaka wake. Na ukiifuata historia hiyo kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, utaona kwamba kisanduku kimerithi kazi za taasisi nzima. Kimerithi karibu zote. Kuna moja ambayo hakikuirithi, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike leo.

SAFARI YA MERIKEBU

Tuanze mwaka 1928. Mwaka huo Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, alisafiri na wanamuziki wake kuvuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya lebo ya HMV. Habari za maisha yake tunazo kwa sababu Shaaban Robert aliziandika katika Wasifu wa Siti binti Saad. Hebu fikiria hesabu ya safari ile. Sauti iko Zanzibar, wasikilizaji wako Zanzibar, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, lakini mashine ya kuinasa sauti hiyo iko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Basi mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine.

Na mashine yenyewe ilikuwa mpya. Tangu Edison alipotengeneza fonografu mwaka 1877 hadi kufikia 1925, sauti ilinaswa kwa nguvu ya pumzi ya mwimbaji. Unaimba kwenye pembe kubwa ya bati, mtikisiko unasukuma sindano, sindano inachora kwenye nta. Mwaka 1925 ndipo maiki ya umeme ilipoingia kwenye studio za santuri. Tangu hapo kukawa na hitaji la kikuzaji, maana umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno. Kile kishikizo cha kwanza kwenye saundikadi yako, kile cha kuongeza nguvu ya maiki, ni mjukuu wa vikuzaji vya wakati ule.

Mwaka huohuo wa 1928, huko Marekani, mhandisi mzaliwa wa Sweden aitwaye Harry Nyquist alichapisha makala kuhusu kutuma ishara kwenye nyaya za telegrafu. Ndani yake kulikuwa na wazo ambalo Claude Shannon alilithibitisha kikamilifu mwaka 1949: ukitaka kuihifadhi ishara kwa vipimo vya hapa na pale, lazima upime kwa kasi inayozidi mara mbili ya mtikisiko wake wa juu kabisa. Sidhani kama Siti na Nyquist waliwahi kusikiana. Lakini saundikadi ni mahali wanapokutana: sauti ya mwimbaji upande huu, hesabu ya Nyquist upande wa pili.

BARABARA YA PUGU

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Ikageuka shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu wanaitaja kwa upole kana kwamba ni shangazi yao. Teknolojia nayo ilikuwa imebadilika. Wajerumani wa kampuni ya AEG walionyesha mashine ya kanda ya sumaku mwaka 1935, na baada ya vita mashine za namna hiyo zikaenea kwenye redio za dunia nzima. Kanda unaweza kuifuta, kuikata, kuiunga na kuirudia. Nta huwezi.

Kwa mwanamuziki wa Tanzania, RTD ilikuwa mambo mengi kwa pamoja. Ilikuwa redio pekee ya taifa, kwa hiyo ndiyo iliyokufikisha kwa wananchi. Ilikuwa studio, iliyoko Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Na ilikuwa mlinzi wa mlango: mashairi yalipitiwa kwanza, na yasiyopendeza hayakurekodiwa au hayakupigwa. Ukishapita hapo, bendi nzima inaingia, maiki zinapangwa, mnapiga pamoja. Mpiga tumba akikosea, mara nyingi dawa ni kuanza upya. Ukisikiliza kwa makini rekodi za Mlimani Park au Maquis za wakati ule unasikia hicho kitu: watu wengi ndani ya chumba kimoja wakisikilizana.

Santuri nayo ilikuwa kisa kingine. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi, na bendi zetu zilipanda basi kwenda huko. Mbaraka Mwinshehe ni mfano mkubwa. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa rasmi hadi 1983. Miaka sita! Mwanamuziki wa Dar akabaki na RTD na majukwaa ya kumbi za dansi.

Sasa, kuna jambo ambalo tunaoisema RTD kwa ubaya tunalisahau. RTD ilikuwa na ghala. Kilichorekodiwa kiliandikwa jina kwenye boksi na kuwekwa kwenye rafu. Mwanamuziki anaweza kulalamika, na wengi wamelalamika, kwamba kanda ilibaki redioni na yeye akaondoka na malipo kiduchu. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini kanda ilibaki. RTD ikawa TUT, TUT ikawa TBC, na kanda zikarithiwa. Mwaka 2012 kukawa hata na vijana waliochangisha fedha mtandaoni, kupitia mradi wa Tanzania Heritage Project, ili kanda hizo zihamishiwe kwenye kompyuta. Huwezi kuokoa kitu ambacho hakikutunzwa. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

MASHINE INASHUKA BEI

Tuondoke kidogo nyumbani, maana hapa katikati mambo yalitokea Japani na Marekani.

Studio kubwa zilikuwa zimejifunza kurekodi kwa njia nyingi. Maana yake kanda moja inagawanywa kama barabara yenye njia kadhaa: ngoma njia yake, gitaa njia yake, sauti njia yake, na kila moja inaweza kurekodiwa siku tofauti. Mwaka 1957 mpiga gitaa Les Paul alipata mashine ya Ampex ya njia nane, kitu kikubwa kama kabati. Albamu ya Beatles ya 1967, Sgt. Pepper's, iliyotikisa dunia, ilitengenezwa kwa mashine za njia nne.

Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani, kwa jina la Tascam, ilitoa Portastudio 144. Njia nne zilezile, lakini kwenye kaseti ya kawaida, zikiwa pamoja na miksa ndani ya mashine moja inayokaa mezani. Bruce Springsteen aliitumia kurekodi nyimbo za albamu yake ya Nebraska, iliyotoka mwaka 1982. Alikuwa anatengeneza mfano tu wa kuipelekea bendi yake. Bendi ilipojaribu, kanda ya nyumbani ikaonekana bora, na ndiyo iliyouzwa. Kama unatafuta siku ambayo chumba cha kulala kilipewa heshima ya studio, hiyo ni mojawapo.

Kisha namba zikaingia. CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982. Mwaka 1991 kampuni ya Digidesign ya Marekani ilitoa Pro Tools ya kwanza: njia nne tu kwenye kompyuta, kwa dola 6,000. Mwaka 1992 Alesis ikaanza kuuza ADAT, mashine ya njia nane iliyotumia mikanda ya video, kwa bei isiyofika dola 4,000. Ukiunganisha tatu unapata njia 24. Studio za kati duniani kote zikapumua.

Dar ya miaka hiyo ilikuwa inafunguka. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, Radio One ikaanza 1994, na ghafla kukawa na njaa ya nyimbo ambazo hazikupitia Barabara ya Pugu. Hapo ndipo studio binafsi zilipopata maana. MJ Productions ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani ni majina ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye Bongo Fleva anayajua. Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay ilitoka mwaka 2001, na hakuna kamati iliyokaa kuamua kama Ndiyo Mzee ni wimbo unaofaa. Mlinzi wa mlango sasa alikuwa prodyuza mwenyewe. Kama anakukubali, unaingia. Kama una hela ya sheshen, unaingia pia. Kama huna vyote viwili, unasubiri nje kwenye benchi pamoja na wenzako wanaochana bure.

KISANDUKU KINAZALIWA

Kompyuta za mwanzo zilikuwa bubu, zina mlio wa kukwaruza tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi ya Sound Blaster, iliyopendwa sana na wacheza michezo ya kompyuta. Kadi ya namna hiyo inachomekwa ndani ya kompyuta, jirani na feni, diski na pawa saplai. Ndiyo maana ukirekodi kwa tundu la maiki la kompyuta ya kawaida unasikia mvumo kama wa nyuki. Maiki inatoa umeme mdogo sana, na jirani zake ndani ya kasha wana kelele.

Dawa ikawa kuitoa sauti nje ya kasha. Mambo matatu yalisaidia. La kwanza ni USB, iliyozinduliwa mwaka 1996. Toleo lake la mwanzo lilipitisha megabiti 12 kwa sekunde kwa kiwango cha juu. Hebu piga hesabu: sauti mbili, yaani kushoto na kulia, kwa biti 24 na sampuli 44,100 kila sekunde, ni megabiti 2.1. Inapita bila taabu, ikienda na ikirudi. La pili ni ASIO, njia iliyobuniwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997 ili programu ya muziki izungumze moja kwa moja na saundikadi bila kupita kwenye foleni ya Windows. La tatu ni programu za bei nafuu, ikiwemo FruityLoops ya Wabelgiji, ambayo leo ni FL Studio na ambayo midundo mingi ya mtaani imepikwa ndani yake.

Mwaka 2002 Digidesign ikatoa Mbox: kisanduku cha USB chenye viingizo viwili, vikuzaji vilivyobuniwa na Focusrite ya Uingereza, pamoja na Pro Tools ndani ya boksi moja. Mwaka 2011 Focusrite wenyewe wakatoa visanduku vyao vyekundu vya Scarlett, ambavyo leo unaviona kila mahali, na kampuni nyingine nyingi zikafuata kwa bei ya chini zaidi. Kilichogharimu dola 6,000 mwaka 1991, bila kuhesabu kompyuta, sasa kinapatikana kwa bei ya simu ya kawaida.

KUSOMA USO WA KISANDUKU

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyeuliza anunue ipi. Kigeuze kisanduku, tukisome kama kitabu.

Tundu la kwanza ni lile la maiki, lenye mashimo matatu. Waya wake unabeba ishara mara mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Kelele ikiingia njiani inaingia sawasawa kwenye zote mbili, na kifaa kikitoa moja kutoka kwa nyingine, kelele inajifuta. Kwa hiyo saundikadi isiyo na tundu hili usiipe nafasi. Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Vile visanduku vya rangirangi vyenye vitufe vya makofi na vicheko vilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kurusha video mubashara kwa simu. Vinachekesha, lakini si vya kurekodia albamu.

Kando yake kuna kitufe kilichoandikwa 48V. Mwaka 1966 kampuni ya maiki ya Neumann kutoka Ujerumani ilikuwa inaiuzia redio ya taifa ya Norway maiki za kondensa, ambazo haziwezi kufanya kazi bila kulishwa umeme. Wanorway walitaka umeme huo upite kwenye waya uleule wa sauti. Studio yao tayari ilikuwa na mfumo wa volti 48 wa taa za dharura, kwa sababu majira ya baridi kule giza ni refu. Basi zikachaguliwa volti 48, na zikaja kuwa kanuni ya dunia nzima. Giza la Norway limefika mpaka Mbagala. Kama maiki yako ni kondensa, unahitaji kitufe hiki. Kama ni maiki ya kushika mkononi ya aina ya Shure SM58, ambayo nayo ilitoka mwaka huohuo wa 1966, huhitaji, lakini unahitaji kikuzaji chenye nguvu zaidi, maana sauti yake inatoka ndogo.

Kwenye boksi utaona namba: 24 na 44.1, au 48, 96, hata 192. Ile 44.1 ni sampuli 44,100 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaishia karibu na mitikisiko 20,000, kwa hiyo kwa hesabu ya Nyquist unahitaji zaidi ya 40,000. Lakini kwa nini 44,100 hasa? Kwa sababu rekodi za kwanza za namba zilihifadhiwa kwenye mashine za video. Ukiweka sampuli tatu kwenye kila mstari wa picha, mfumo wa video wa Marekani unakupa 245 mara 60 mara 3, na ule wa Ulaya unakupa 294 mara 50 mara 3. Zote mbili ni 44,100. Namba hiyo ni kovu la video, na inatosha. Usimwongezee muuzaji laki mbili kwa ajili ya 192.

Biti ndizo zenye faida unayoweza kuisikia. Biti 16 za CD zinagawa ukubwa wa sauti katika ngazi 65,536. Biti 24 zinagawa katika ngazi zaidi ya milioni 16. Enzi za biti 16 mafundi walilazimika kurekodi kwa nguvu hadi karibu na taa nyekundu ili kuikimbia kelele ya chini. Wewe huna sababu. Acha sauti ifike katikati kidogo kwenda juu, mwache mwimbaji apige kelele akitaka. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imekatwa kichwa na hakuna programu itakayokirudisha vizuri.

Jambo la mwisho ni kuchelewa. Kompyuta haipokei sampuli moja moja. Inazikusanya kwenye ndoo, inazishughulikia, inazirudisha. Ndoo ya sampuli 256 ni milisekunde 5.8. Kwa kasi ya sauti hewani, hiyo ni kama kumsikia mtu aliyesimama mita mbili. Ndoo ya 1,024 ni milisekunde 23, kama mtu aliye mita nane. Na hiyo ni upande mmoja tu, bado kurudi. Mwimbaji akijisikia kwa kuchelewa hivyo anaanza kuburuta maneno, na prodyuza anamlaumu kwamba hana mapigo. Mlaumu ndoo. Punguza wakati wa kurekodi, ongeza wakati wa kuchanganya. Na tafuta saundikadi yenye kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta.

Viingizo vingapi? Kwa mwimbaji mmoja mmoja, viwili vinatosha. Kwa kikundi cha taarabu au bendi inayotaka kupiga pamoja kama zamani, tafuta vinane, au ukodi. Na ukinunua mtumba, angalia tundu la nyuma. Visanduku vingi vya miaka ya 2000 vilitumia FireWire, ambayo kompyuta mpya hazina tena. Utauziwa kitu kizuri kwa bei ya kutupa, ukifika nyumbani ni tofali. Afadhali kile cha USB kinachofuata kanuni ya jumla, kinachofanya kazi bila draiva maalumu, kwa sababu kampuni huacha kutengeneza draiva lakini kanuni inabaki.

KAZI AMBAYO HAIKURITHIWA

Basi tuhesabu. Kikuzaji cha Bombay kimo ndani ya kisanduku. Mashine ya kanda ya Barabara ya Pugu, pamoja na kompyuta, imo. Njia 24 za ADAT zimo na zaidi. Mlinzi wa mlango ameondoka, na sitaki arudi. Kuna sauti nyingi sana, za watoto wa uswahilini, za wanawake, za lahaja ambazo redio ya taifa isingezipa nafasi, tunazozisikia leo kwa sababu tu mtu mmoja alinunua kisanduku.

Chumba hakimo, hilo kila prodyuza analijua. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele za bodaboda. Zinapunguza mwangwi kidogo tu wa sauti za juu. Magodoro, mapazia mazito na kabati lililojaa nguo hufanya kazi zaidi, na hayahitaji dola.

Lakini kitu kikubwa kisichokuwemo ni ghala. RTD ilikuwa na rafu na mtu wa kuandika jina kwenye boksi. Studio ya chumbani ina diski moja, ile iliyomo kwenye kompyuta, ambayo umeme ukikatika vibaya mara tatu inaanza kulia kama panzi. Kompyuta inauzwa, inaibiwa, inapigwa chini na kuwekewa Windows upya ili iende kasi. Kinachobaki ni faili moja la MP3 lililotumwa redioni au kwa simu. Zile njia zote, sauti peke yake, gitaa peke yake, kibwagizo cha rafiki aliyefariki, zimekwenda. Na hakuna aliyeandika nani alipiga kinanda, siku gani, mtaa gani.

Ona kinyume chake. Santuri za Siti za 1928 bado zinasikika, karibu miaka 100 baadaye. Kanda za RTD za miaka ya 1970 zinaweza kusomwa kama kuna mashine nzima. Lakini nenda kamwombe prodyuza wa mtaani njia za wimbo uliovuma mwaka 2006, uone atakavyokuna kichwa. Kizazi kilichorekodi nyimbo nyingi kuliko vyote vilivyotangulia ndicho kinachoweza kuacha kumbukumbu chache zaidi.

Suala hili lina hela ndani yake pia. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, inampa msanii haki. Haki inahitaji ushahidi. Mwenye faili asilia lenye tarehe na majina ana la kusema mbele ya mwanasheria. Mwenye MP3 iliyopakuliwa ana hadithi. Na filamu au tangazo likitaka wimbo wako bila maneno, bila zile njia huna cha kuuza.

Gharama ya ghala si kubwa. Njia moja ya biti 24 kwa sampuli 44,100 inakula kama megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia 30 haufiki gigabaiti 1. Diski ya nje ya terabaiti 1 inabeba nyimbo karibu 1,000 pamoja na njia zake zote. Nunua mbili, moja ikae studio, nyingine ikae kwa mama. Kila wimbo ukiisha, toa kila njia kama faili la WAV la kawaida kuanzia sekunde ya kwanza, kwa sababu programu unayotumia leo inaweza isifunguke baada ya miaka 20. Ongeza karatasi moja ya maandishi: jina la wimbo, tarehe, mahali, walioimba, waliopiga, aliyetunga. Dakika kumi tu.

Kwa hiyo kama una bajeti ya laki tano ya saundikadi, ushauri wangu ni huu: nunua ya laki tatu na nusu yenye viingizo viwili, 48V na biti 24, na hela inayobaki uianzishie diski. Wasikilizaji wako wa leo hawatasikia tofauti. Wa mwaka 2060 watasikia.